Sikiliza Anaponyamaza: Mwongozo kwa Anayelala Karibu na Mkoromaji

Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili ya anayekoroma. Yeye amelala, hajui lolote, na ukimwambia atakataa. Umeandikwa kwa ajili yako wewe uliye macho: mke aliyegeukia ukutani, mume aliyehamia sebuleni, mjukuu aliyepewa chumba kimoja na babu yake, utingo anayelala kabini moja na dereva pale Kobero wakisubiri mambo ya forodha. Katika nyua za Buyenzi na Bwiza mjini Bujumbura, ambako ukuta mmoja unagawa familia mbili, hata jirani anahusika. Asubuhi wakikutana bombani wanataniana: "Jana mzee alikuwa anapandisha lori Bugarama!" Wanacheka, wanachota maji, maneno yanaishia hapo.

Yasiishie hapo. Wakoromaji wengi hawana ugonjwa, nalisema hilo mapema nisije nikakutia hofu bure. Lakini miongoni mwao wamo ambao koo linajifunga kabisa usingizini. Pumzi inakatika kwa sekunde kumi, ishirini, pengine dakika nzima, kisha inarudi kwa kishindo. Hali hiyo madaktari wanaiita apnia ya usingizi. Inapandisha presha, inauchosha moyo, inaongeza hatari ya kiharusi, na inamfanya mtu asinzie akiwa ameshika usukani. Mwaka 2019 watafiti walikadiria katika jarida la Lancet Respiratory Medicine kwamba duniani kuna watu wapatao milioni 936 wenye umri wa miaka 30 hadi 69 walio nayo. Wengi wao hawajapimwa wala hawajui, kwa kuwa ugonjwa huu hutokea wakati mwenyewe hayupo. Shahidi wake ni wewe.

Kinachotokea kooni

Mtu akilala misuli yake hulegea, ikiwemo ile inayoshikilia ulimi na kaakaa laini. Mwenye njia pana ya hewa hadhuriki. Mwenye shingo nene, mafindofindo makubwa, taya dogo lililorudi nyuma au pua iliyoziba hubaki na upenyo mwembamba. Hewa ikipita hapo kwa nguvu, nyama laini hutetemeka, na mtetemo huo ndio mkoromo. Upenyo ukizidi kubana, hufunga. Kifua kinaendelea kuhangaika lakini hewa haiingii. Oksijeni inashuka katika damu, ubongo unashtuka na kumwamsha kwa sekunde chache ambazo hatazikumbuka, koo linafunguka, anavuta hewa kwa kelele, anageuka, analala tena. Kisha mambo yanaanza upya.

Kwa kipimo cha madaktari, matukio ya namna hiyo yakifika matano kwa saa ugonjwa ni hafifu, yakifika 15 ni wa wastani, yakifika 30 ni mkali. Piga hesabu mwenyewe: mara 30 kwa saa, kwa usiku wa saa saba, ni mara 210. Huyo ndiye mtu anayelala baada ya Isha, anaamka alfajiri, na saa nne asubuhi anasinzia dukani mbele ya wateja. Watu wanamwita mvivu. Wengine wanamwonea wivu kwa jinsi anavyolala usingizi wa pono, kwa kuwa kwetu mkoromo umehesabiwa siku zote kuwa dalili ya shibe na raha.

Usiku: cha kusikiliza

Ukubwa wa kelele usikushughulishe sana. Yupo anayetikisa mabati na ni mzima, na yupo mwenye mkoromo mdogo ambaye oksijeni yake inaporomoka kila dakika mbili. Sikiliza mwendo. Mkoromo wa kawaida unakwenda sawasawa, unaingia na kutoka. Wa hatari unapanda, unapanda, kisha ghafla kimya. Kimya hicho ndicho kinachompa nafuu anayelala jirani, na wengi hukitumia kupata usingizi wao. Wewe kitumie kuhesabu. Hesabu polepole, kwa mwendo wa mshale wa sekunde, huku umeangalia kifua na tumbo. Ukifika kumi na kifua kinavuta bila sauti yoyote kutoka, umeona kitu ambacho daktari atataka kukijua. Mara nyingi kitafuatwa na mkoromo mkubwa wa kukaba, mwili mzima ukishtuka.

Usiku mmoja hautoshi. Sikiliza mara tatu kwa siku tofauti, na angalau mara moja iwe siku ambayo hakunywa pombe, maana bia hulegeza koo hata la mtu mzima wa afya. Saa za kusikiliza si zile za mwanzo wa usingizi. Tatizo huzidi sehemu ya pili ya usiku, kuanzia saa tisa kuelekea alfajiri, na huzidi zaidi mtu akilala chali. Anayeamka kwa ajili ya tahajudi, au kupika daku mwezi wa Ramadhani, yuko mahali pazuri: abaki kitandani dakika kumi kabla ya kunyanyuka, asikilize.

Simu yako ni msaada mkubwa. Iweke karibu na kichwa chake, zima mtandao isije ikalia, rekodi nusu saa. Ikiwezekana acha taa ndogo na uchukue video, kwa sababu kifua kinachohangaika bila sauti hakisikiki kwenye rekodi ya sauti. Ichaji mapema, umeme wa REGIDESO haukuagi unapoondoka. Andika kwenye karatasi tarehe, saa, alikuwa amelala chali au ubavu, na ukimya mrefu kuliko wote ulifika sekunde ngapi. Ongeza uliyoyaona mengine: jasho la shingoni, kinywa kikavu asubuhi, kuamka kukojoa mara mbili au tatu. Hilo la kukojoa wanaume wengi hulitupia tezi dume, na pengine ni kweli, lakini moyo unaobanwa na pumzi zilizokatika hutoa homoni inayoongeza mkojo.

Rekodi hiyo ni yako, yake na daktari. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Wapo wanaoamka wakitapatapa na kusema wamekabwa na jinamizi. Hapa tofautisha mambo mawili. Anayesema alikuwa macho, anaona chumba, lakini hawezi kunyanyua hata kidole, huyo mwili ulichelewa kuamka baada ya akili, na kwa kawaida hali hiyo haina madhara. Anayekurupuka akiwa anakosa hewa, moyo unamwenda mbio, akakimbilia dirisha, na wewe ulikwishamsikia akikoroma na kunyamaza kabla ya hapo, huyo ni wa hospitali. Asomewe dua, hakuna anayekataza. Apimwe pia.

Mchana: maswali ya kumuuliza

Daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, alitunga mwaka 1991 maswali manane ya kupima kusinzia kwa mchana, na hadi leo hospitali nyingi duniani zinayatumia. Yanauliza: je, ungesinzia ukiwa unasoma? Unatazama televisheni? Umekaa kimya mahali pa watu wengi, tuseme kwenye hotuba ya Ijumaa au kwenye misa? Umepanda gari kwa saa nzima bila kupumzika, kama mwanzo wa safari ya basi la Gitega? Umejinyoosha alasiri? Umekaa unaongea na mtu? Umekaa kimya baada ya chakula cha mchana bila pombe? Uko kwenye gari lililosimama dakika chache kwa ajili ya foleni? Kila swali lina alama kuanzia 0, yaani kamwe, hadi 3, yaani karibu hakika. Jumla ikizidi 10, kusinzia huko si kwa kawaida. Kwa maoni yangu swali la sita ndilo zito kuliko yote. Mtu mzima anayesinzia katikati ya mazungumzo hahitaji kujumlishiwa alama, anahitaji kupelekwa.

Kuna maswali mengine manane, yaliyotungwa Toronto na kundi la daktari wa ganzi Frances Chung na kuchapishwa mwaka 2008, ya ndiyo na hapana. Anakoroma kwa sauti inayopita mlango uliofungwa? Anachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyemwona pumzi ikikatika? Ana presha, au anatumia dawa zake? Ni mnene sana? Amezidi miaka 50? Shingo yake ni nene? Ni mwanaume? Ndiyo tatu au nne zinatosha kumpeleka kwa daktari, tano na zaidi ni hatari kubwa. Kwa shingo usikisie. Fundi cherehani yeyote wa Buyenzi atampima kwa futi yake kwa nusu dakika: sentimita 43 kwa mwanaume, 41 kwa mwanamke, ndio mpaka.

Wembamba nao usikudanganye. Wako watu wa mbavu nje wenye taya dogo au mafindofindo makubwa wanaokatika pumzi usiku kucha, na hao huchelewa zaidi kugunduliwa kwa kuwa kila mtu anatafuta kitambi.

Dalili moja ningeipigia mstari kwa wino mwekundu: presha isiyoshuka. Mtu anakunywa dawa za aina tatu, hakosi hata siku moja, amepunguza chumvi, na kila akipimwa farumasi ni ileile. Wengi wa watu wa namna hiyo, wakipimwa usingizi, hukutwa na apnia. Dawa inafanya kazi mchana, usiku koo linaibomoa. Kadhalika maumivu ya kichwa kila asubuhi yanayoisha yenyewe saa tatu, usahaulifu, hasira za ghafla, na nguvu za kiume kupungua. Hilo la mwisho halisemwi sebuleni, ila limewapeleka kwa waganga wa mitishamba wanaume wengi ambao tatizo lao lilikuwa kooni.

Akiwa ni dereva

Hapa usisubiri usiku wa tatu.

Barabara ya RN1 inapanda kutoka Bujumbura, mji ulio karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama kwenye zaidi ya mita 2,000, kwa mwendo usiofika kilomita 40. Ni kona juu ya kona. Humo kuna malori yaliyotoka Dar es Salaam yenye zaidi ya kilomita 1,500 nyuma yao, vijana wa baiskeli walioshikilia mkia wa lori ili wavutwe kupanda, na wengine wanaoteremka na mashehena ya ndizi bila breki za kuaminika. Anayesinzia sekunde tatu pale hagongi mti, anagonga watu.

Ajali za aina hii zimechunguzwa kwingine. Tarehe 1 Desemba 2013 treni ya abiria ya Metro-North iliacha reli eneo la Bronx, New York, na watu wanne wakafariki. Iliingia kwenye kona ya maili 30 kwa saa ikiwa na kasi ya maili 82. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta kwamba mwendeshaji alikuwa amesinzia, na kwamba alikuwa na apnia kali ambayo hakuna aliyekuwa ameigundua. Hakuwa mlevi.

Kama wewe ni utingo, una kazi mbili: kumsikiliza akilala na kumtazama akiendesha. Miayo mfululizo, kichwa kinachoinama na kushtuka, gari linalogusa kingo za barabara, ukimuuliza "tumepita Muramvya?" na yeye hakumbuki, hizo si dalili za kuongeza sauti ya redio. Redio na dirisha lililofunguliwa havimfukuzi usingizi. Kinachosaidia kwa muda mfupi ni kusimama mahali salama, kunywa kahawa, kulala dakika 15 hadi 20, kisha kuendelea. Lakini hiyo ni ya kufika nyumbani leo, si matibabu. Anayesinzia kwenye usukani kila safari asiendeshe hadi atibiwe.

Najua wenye magari watakavyosema: nikimpima nitampoteza. Dereva aliyetibiwa apnia hurudi barabarani akiwa macho. Aliyefichwa ndiye mtakayempoteza, na gari lake.

Mtoto anayekoroma, na habari ya kilimi

Mtoto mwenye mafua akikoroma siku nne tano, mwache. Anayekoroma usiku mwingi wa wiki akiwa hana mafua, huyo mchunguze. Kwa watoto sababu kubwa si unene. Ni mafindofindo, na zile nyama za nyuma ya pua ambazo huwezi kuziona kwa kumfungulia mdomo. Hulala mdomo wazi, shingo ameitupa nyuma, ametoka jasho. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Uzito hauongezeki. Na mchana hasinzii kama mtu mzima. Anakuwa mtundu kupita kiasi, hatulii, mwalimu analalamika. Wengi wamechapwa kwa ajili ya koo.

Sasa, nyumbani mtoto wa namna hiyo bibi atamtazama kooni na kusema kilimi kimerefuka, kikatwe. Ikirimi, kama wanavyosema kwa Kirundi, kimekatwa kwa watoto wa Burundi vizazi na vizazi, kwa kikohozi, kwa kutapika, kwa kukataa kunyonya. Sitaki kumvunjia bibi heshima, ametumia alichorithi. Ila kisu cha mganga hakigusi nyama za nyuma ya pua wala mafindofindo, kwa hiyo pumzi itaendelea kukatika vilevile. Juu ya hapo mtoto anatokwa damu mahali ambapo huwezi kufunga kitambaa, anaingiwa na wadudu, pengine pepopunda, na kisu kilichomkata mwingine kabla yake kinaweza kumwachia maradhi ya damu. Kataa kwa upole, lakini kataa. Mwambie bibi: "Nyanya, tunakwenda kwanza kwa daktari wa koo, akishindwa tutarudi kwako." Daktari wa masikio, pua na koo, yaani ORL, akiona inafaa atayaondoa mafindofindo na nyama hizo kwa upasuaji, na watoto wengi hupona mkoromo moja kwa moja. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2006 matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vya afya na hospitali za serikali. Anzia hapo wakupe karatasi ya kukutuma mbele.

Usimpe mtoto dawa ya mafua inayoleta usingizi ili atulie usiku. Unazidi kulegeza koo lililokwisha legea.

Mama naye anakoroma

Mkoromo wa mwanamke hufichwa. Mume hausemi kwa kumstahi, mwenyewe anaona aibu, na akifika hospitali halalamikii kusinzia. Anasema anachoka, halali vizuri, kichwa kinauma, moyo mzito. Anaandikiwa vitamini. Baada ya hedhi kukoma hatari yake inakaribia ya wanaume. Mjamzito aliyeanza kukoroma wakati wa mimba aliseme hilo kliniki siku ya kupima, kwa sababu mkoromo huo unahusishwa na presha ya mimba, hata kama ataona ni jambo dogo la kuchekesha.

Namna ya kumwambia

Usimwambie usiku ukiwa umekasirika, wala mbele ya watoto. Mwambie mchana, ameshiba, mko wawili.

"Baba Amina, jana usiku nilikuhesabia. Pumzi yako ilikatika, nikafika kumi na nane ndipo ikarudi."

"Acha hayo bwana, mimi nililala vizuri."

"Sikiliza mwenyewe."

Halafu mpe simu na unyamaze. Wengi hubishana na mke, wachache wanabishana na sauti yao. Kama ni baba yako mzazi, usiende wewe. Mtume mdogo wake, au shemeji yake wanayetaniana, maana wana ruhusa ya kusema ambayo mtoto hana.

Hospitali

Anza na daktari wa kawaida, kwenye kituo cha afya au hospitali unayoijua, na umpe yale maandishi na video kabla hajauliza. Mwombe apime presha, sukari na uzito, atazame koo na pua, na aguse shingo, kwa kuwa rovu kubwa nalo linaweza kuibana njia ya hewa. Akuandikie ORL, na daktari wa moyo kama presha iko juu au mapigo yanarukaruka. Hospitali kubwa za Bujumbura ni Prince Régent Charles, ile ya chuo kikuu Kamenge, na Clinique Prince Louis Rwagasore. Ulizia kwanza siku na saa ya ORL kupokea wagonjwa ili usipoteze nauli, na ulizia mituweli yako, yaani bima ya afya, inalipia kipi.

Kipimo kamili ni kulala usiku mmoja umefungwa nyaya za kichwani, kifuani na kidoleni, kwenye chumba maalumu. Wenye uwezo hukifanya katika safari zao za matibabu za Nairobi au India. Kuna cha pili chepesi, kifaa kidogo anachovaa mgonjwa nyumbani kinachoandika pumzi na oksijeni usiku kucha, na kwa mtu mwenye dalili za wazi kinatosha. Muulize daktari wako kuhusu hicho kabla ya kuuza kiwanja. Kile kifaa cha kubana kidole kilichoenea wakati wa Korona nacho kina faida, hasa cha aina inayohifadhi namba za usiku mzima: oksijeni inayoshuka na kupanda kila baada ya dakika chache ni ushahidi. Namba nzuri mchana, akiwa macho, haithibitishi chochote.

Akiandikiwa upasuaji wowote, hata wa ngiri, mwambie anayetoa ganzi kuwa mgonjwa anakatika pumzi akilala. Dawa za ganzi na za maumivu makali humlegeza koo zaidi, na akijua atamwangalia kwa karibu baada ya kuamka.

Ya kuanza leo usiku

Ubavu. Wako ambao tatizo linapungua nusu kwa kuacha tu kulala chali. Mshonee mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia, utie mpira mdogo. Akigeuka chali mpira utamsumbua, atarudi ubavuni bila kuamka. Kuongeza mito hakusaidii kwa sababu kunakunja shingo. Afadhali kunyanyua miguu ya kitanda ya upande wa kichwani kwa matofali.

Pombe iachwe kwa muda wa saa tatu au nne kabla ya kulala, na bora zaidi iachwe. Chupa kubwa mbili za Primus saa nne usiku, pamoja na mishikaki na ndizi za kukaanga, ni kumwandalia koo mazingira ya kufunga. Vidonge vya usingizi, diazepamu na ndugu zake, vinavyouzwa farumasi bila karatasi ya daktari, visimguse kabisa. Asiyelala vizuri kwa sababu ya apnia akimeza kidonge kinachomzuia kuamka, kidonge hicho kimemwondolea kinga yake ya mwisho. Sigara huvimbisha koo. Pua iliyoziba kwa vumbi la kiangazi isafishwe kwa maji ya chumvi.

Uzito ndio mgumu na ndio wenye faida. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulionyesha kuwa kupungua asilimia 10 ya uzito huenda pamoja na matukio ya kukatika pumzi kupungua kwa takriban asilimia 26. Kwa mtu wa kilo 100 ni kilo 10, na si lazima azimalize mwaka huu. Ugali wa muhogo upungue ukubwa, mawese yapimwe kwa kijiko, samaki wa mukeke achomwe badala ya kukaangwa, na kupanda mlima wa Kiriri asubuhi za wikendi ni bure.

Mashine

Kwa ugonjwa wa wastani na mkali, dawa ya uhakika ni mashine ndogo ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani na kulizuia koo lisifunge. Aliibuni Colin Sullivan wa Sydney, na matokeo yakachapishwa mwaka 1981. Kabla yake walio mahututi walitobolewa shingo. Usiku wa kwanza mtu hujiona kama rubani, anakasirika, anaivua. Mpe wiki mbili. Aivae kwanza mchana akitazama mpira ili uso uzoee.

Bei yake mpya ni mamia ya dola, na fedha za kigeni zilivyo adimu mjini, wengi huagiza kwa ndugu walioko Ubelgiji au Kanada wanaotuma iliyokwisha tumika. Hapo uwe macho. Juni 2021 kampuni ya Philips iliagiza zirudishwe mamilioni ya mashine zake, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa kuwa sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inamomonyoka na kuweza kuvutwa pamoja na hewa. Mwambie ndugu asome jina na namba ya mashine na kuitafuta kwenye orodha ya kampuni kabla ya kuituma. Barakoa na bomba vinunuliwe vipya. Shinikizo la hewa liliwekwa kwa koo la mtu mwingine, lazima daktari alipange upya.

Umeme usiwe kisingizio. Bila kile kipasha-maji chake, mashine nyingi hula wati 30 hadi 60 tu, na kuna nyaya za kuiunganisha na betri ya gari au ya sola. Nyaya ziwe za modeli hiyohiyo, kwani nyingine zinataka volti 12 na nyingine 24.

Baada ya mwezi rudia yale maswali manane ya kusinzia, pima presha mara tatu kwa asubuhi tofauti, uzirudishe namba kwa daktari. Uzito ukibadilika sana, shinikizo libadilishwe. Na akiitwa msibani Rumonge kwa siku tatu, aende nayo, kwa sababu akilala bila hiyo usiku mmoja au miwili koo hurudia kazi yake ya zamani. Aipakate ndani ya basi. Isifungwe juu ya paa pamoja na magunia.